Saratani ya umio na mabadiliko yanayoitangulia: ni watu wangapi hasa?

Mabibi na mabwana, wauguzi na matabibu mliotoka zamu mkaja moja kwa moja hapa, wahudumu wa afya ya jamii, na ninyi mliokuja kwa sababu nyumbani kuna mtu anayepata shida ya kumeza: karibuni.

Swali tuliloletewa ni fupi. Saratani ya umio, na hali zinazoitangulia, zinawapata watu wangapi? Mngependa tuwape namba moja, na hatutawapa, kwa sababu atakayeondoka hapa na namba moja ataitumia vibaya. Kila namba katika habari hii ina mambo matatu nyuma yake: imehesabu nini, imehesabu miongoni mwa nani, na waliohesabu walitazama kwa njia gani. Likikosekana moja, namba hiyohiyo itamtia hofu asiye na hatari na kumtuliza aliye hatarini.

Tuanze na kiungo chenyewe. Umio ni mrija wa misuli unaoshusha chakula kutoka kooni hadi tumboni, na urefu wake ni takriban sentimita 25. Wapimaji wa endoskopia, yaani kipimo cha kamera nyembamba inayopitishwa mdomoni, huhesabu kuanzia meno ya mbele: umio huanza karibu na sentimita 15 na kwa watu wazima wengi huishia karibu na sentimita 40. Wengi wetu husema "saratani ya koo" tukimaanisha ugonjwa huu, na makosa ya kuhesabu huanzia hapohapo, maana saratani ya koo, ya zoloto (kisanduku cha sauti) na ya umio ni magonjwa matatu tofauti.

Kwa ndani, umio umetandikwa seli bapa, tabaka juu ya tabaka, kama upande wa ndani wa shavu. Tumbo lina utando wa aina nyingine unaostahimili tindikali. Karibu kila tutakachosema leo kinahusu yanayolipata tandiko hilo la seli bapa. Huweza kuharibika likiwa bado la seli bapa, na mwisho wa njia hiyo ni saratani ya seli bapa. Au huweza kuondoka kabisa likachukuliwa nafasi na utando unaofanana na wa utumbo. Hali hiyo ndiyo umio wa Barrett, na mwisho wa njia yake ni adenokasinoma, yaani saratani ya seli za tezi. Wanaopita njia ya kwanza si wale wanaopita ya pili, kwa hiyo kuzijumlisha bila kusema ni kuchanganya hesabu mbili katika daftari moja.

Kwa makadirio ya GLOBOCAN, yanayotolewa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC) lililoko Lyon, mwaka 2022 watu wapatao 511,000 duniani waligunduliwa kuwa na saratani ya umio, na wapatao 445,000 walifariki kwa ugonjwa huo. Kwa wingi wa wagonjwa wapya ilikuwa ya 11 kati ya saratani zote. Kwa vifo ilikuwa ya 7. Ziwekeni namba hizo mbili pamoja: kwa kila wagonjwa wapya 100 kuna vifo 87 ndani ya mwaka uleule. Waliokufa si lazima wawe walewale waliogunduliwa mwaka huo, lakini uwiano huo unaeleza jambo zito. Wagonjwa hawadumu. Hata katika nchi zenye hospitali zilizojitosheleza, anayefikisha miaka mitano tangu kugunduliwa ni takriban mmoja kati ya watano. Ndiyo maana mtu anaweza kuishi eneo lenye ugonjwa huu kwa wingi na asimjue hata mmoja aliyepona.

Tahadhari moja kabla hatujasonga mbele. Makadirio ya mwaka 2020 yalikuwa wagonjwa 604,000 na vifo 544,000. Anayelinganisha anaweza kushangilia kwamba ndani ya miaka miwili wagonjwa wamepungua kwa zaidi ya 90,000. Hawakupungua hivyo. Makadirio ya China peke yake yalishuka kutoka wagonjwa wapatao 324,000 hadi wapatao 224,000 baada ya takwimu mpya kuingizwa, na tofauti karibu yote inatoka hapo. Matoleo mawili ya makadirio hayafai kusomwa kama picha mbili za mgonjwa mmoja.

Kati ya saratani 100 za umio duniani, takriban 85 ni za seli bapa na 14 hivi ni adenokasinoma. Wanaume ni kama 7 katika kila wagonjwa 10. Lakini wastani wa dunia unaficha mengi, kwa sababu huu ni ugonjwa wa maeneo. Kuna ukanda unaoanzia kaskazini mwa Iran, unapita Asia ya Kati na kuingia kaskazini na katikati ya China, ambako saratani ya seli bapa imekuwa ya kawaida kwa vizazi. Kuna mwingine unaoteremka upande wa mashariki wa Afrika, kutoka Ethiopia, kupitia Kenya, Uganda, Tanzania na Malawi, hadi Afrika Kusini. Malawi imo miongoni mwa nchi zenye viwango vya juu kabisa duniani. Katika ukanda huu wa Afrika pengo kati ya wanaume na wanawake ni dogo kuliko kwingine, na kuna sehemu, magharibi mwa Kenya ikiwemo, ambako wagonjwa wa chini ya miaka 40, hata chini ya 30, wameandikwa kwa idadi isiyoonekana kwingineko. Kwingi duniani mgonjwa wa umri huo ni nadra.

Adenokasinoma ina ramani yake: Ulaya ya kaskazini na magharibi, Marekani, Australia. Nchini Marekani, kati ya mwaka 1975 na 2001, ilipanda kutoka wagonjwa 4 hadi 23 kwa kila watu milioni moja. Ni mara sita ndani ya kipindi cha kazi cha daktari mmoja. Wanaobebwa zaidi na wimbi hili ni wanaume weupe wenye umri zaidi ya miaka 50, wenye mafuta mengi tumboni na kiungulia cha miaka mingi.

Sasa tuingie kwenye yanayotangulia, maana huko ndiko penye nafasi ya kuokoa mtu, na ndiko watu wanakopotoka zaidi.

Kwa njia ya seli bapa, kitangulizi kinaitwa displasia ya seli bapa: seli zimeanza kuharibika sura na mpangilio, lakini hazijavunja sakafu yake kwenda chini. Haiumi, haikwamishi chakula, haibadilishi sauti. Mwenye nayo hana habari. Ili kujua ni wangapi wanayo, lazima uwaingize kipimo watu wasio na shida yoyote, na tafiti za namna hiyo ni chache. Huko Bomet, magharibi mwa Kenya, watu wazima zaidi ya 300 wasio na dalili walipimwa kwa endoskopia na kupakwa iodini, asilimia 14.4 walikutwa na displasia ya kiwango fulani. Karibu mmoja kati ya saba. Anayesikia hivyo hushtuka. Asome kwanza ni displasia ya kiwango gani, kwa sababu iliyo nyingi huwa ni hafifu.

Tunachojua kuhusu mwendo wake kimetoka zaidi Linxian, mkoa wa Henan nchini China, ambako watu 682 walifuatiliwa kwa miaka 13 na nusu baada ya kupimwa. Waliokuwa na umio wa kawaida, asilimia 8 walipata saratani ya seli bapa. Wenye displasia hafifu, asilimia 24. Wenye ya wastani, asilimia 50. Wenye ya hali ya juu, asilimia 74. Someni ngazi hiyo taratibu. Mwenye displasia hafifu, uwezekano mkubwa ni kwamba hatapata saratani hata ndani ya muda huo mrefu. Mwenye ya hali ya juu, uwezekano mkubwa ni kwamba ataipata. Neno moja, displasia, limewabeba watu wawili ambao kesho zao hazifanani. Jambo la pili mara nyingi hurukwa: hata waliokuwa hawana kitu, asilimia 8 waliugua, kwa sababu Linxian ni eneo lenye ugonjwa kupita kiasi. Huwezi kuzichukua asilimia hizo ukamsomea mtu wa mahali ambapo ugonjwa ni nadra. Uwiano kati ya ngazi na ngazi unasafiri. Asilimia zenyewe hazisafiri.

Huko Linxian pia ilionekana kwamba uvimbe wa kawaida wa utando, ule ambao ripoti nyingi huuita esofajitisi, haukuongeza hatari ya saratani ya seli bapa. Tunalisema kwa sauti kwa sababu wapo watu wanaoshika karatasi yenye neno hilo na kulia wakidhani wamehukumiwa.

Vinavyolisukuma tandiko la seli bapa kuharibika vinajulikana kwa sehemu: tumbaku, pombe, na hasa viwili hivyo kwa pamoja, kwa watu waliorithi upungufu wa kimeng'enya cha kusafisha asetaldehidi, sumu inayotokana na pombe mwilini, hata pombe kidogo huwa na madhara makubwa. IARC mwaka 2016 iliviweka vinywaji vya moto kupita nyuzijoto 65 katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Utafiti wa Golestan nchini Iran, uliowafuatilia watu zaidi ya 50,000, ulipima joto la chai kwa kipimajoto badala ya kutegemea maneno ya mnywaji. Waliokunywa mililita 700 au zaidi kwa siku, ikiwa na nyuzijoto 60 au zaidi, hatari yao ilikuwa juu kwa takriban asilimia 90 kuliko waliokunywa kidogo na iliyopoa. Kinachofanya kazi hapo ni joto, si jani la chai. Kuna pia makundi madogo yenye hatari kubwa mno: waliowahi kumeza kemikali ya kuunguza, ambao saratani huwajia miongo mitatu au minne baadaye, wenye akalasia, yaani mlango wa chini wa umio usiolegea, waliokwisha kuugua saratani ya mdomo au koo, na familia chache duniani zenye tailosisi, ugonjwa wa kurithi unaofanya viganja na nyayo kuwa na ngozi nene.

Umio wa Barrett una jina la Norman Barrett, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi London, ambaye mwaka 1950 aliandika kuhusu hali hii akiamini kwamba anaona tumbo lililovutwa kupanda kifuani. Wenzake walionyesha kwamba ni umio wenyewe uliobadilisha utando, naye baadaye akakubali. Kosa lile bado linatusumbua kwa sura nyingine, kama mtakavyoona tukifika kwenye kipimo.

Ni wangapi wanao? Kaskazini mwa Sweden, watu wazima 1,000 waliochaguliwa bila kujali dalili walipimwa kwa endoskopia, na 16 walikutwa nao, yaani asilimia 1.6. Tafiti zilizokusanywa pamoja mwaka 2019 zinatoa picha pana zaidi. Miongoni mwa watu wa kawaida wasio na hatari, asilimia 0.8. Wenye kiungulia cha kudumu, asilimia 3. Wenye kiungulia pamoja na kigezo kingine kama umri, jinsia ya kiume au unene, asilimia 12. Wenye ndugu wa damu mwenye Barrett au adenokasinoma, asilimia 23. Hizi zote ni namba za hali moja. Tofauti ya karibu mara 29 kati ya ya kwanza na ya mwisho imetokana tu na swali la "miongoni mwa nani". Daktari wa kitengo cha endoskopia anaona Barrett kila wiki na kudhani imejaa mitaani. Daktari wa zahanati haioni kamwe na kudhani haipo. Wote wawili wanasema kweli kuhusu mlango wao.

Kutoka Barrett kwenda saratani ni safari ambayo wengi hawaifanyi. Barrett isiyo na displasia, tafiti zilizokusanywa zinakadiria asilimia 0.33 kwa mwaka. Denmark, kwa kutumia rejista ya nchi nzima yenye wagonjwa 11,028, walipata asilimia 0.12. Kwa nini tofauti hiyo? Tafiti nyingi za zamani zilitoka hospitali kubwa zinazopokea wagonjwa wazito, na nyingine zilihesabu saratani zilizoonekana mwaka uleule wa kipimo cha kwanza, ambazo kwa hakika zilikuwepo tangu mwanzo. Wadenmark waliuondoa mwaka wa kwanza. Chukueni namba zote mbili, mfanye hesabu. Katika watu wazima 100,000, asilimia 1.6 wakiwa na Barrett, hao ni 1,600. Wakiugua kwa kiwango cha chini au cha juu, tunazungumzia wagonjwa wapya 2 hadi 5 kwa mwaka. Wengine karibu 1,600 wataamka mwaka ujao wakiwa walivyo, na wengi wao watakufa uzeeni kwa sababu nyingine kabisa.

Displasia ikiingia, hesabu inabadilika. Ya hali ya juu, takriban asilimia 6 hadi 7 kwa mwaka huvuka kuwa saratani. Ya hali ya chini ina matatizo ya kusomwa. Nchini Uholanzi wataalamu wa patholojia, wanaosoma sampuli kwa hadubini, walirudia kusoma vioo vyenye sampuli za wagonjwa 147 walioambiwa wana displasia ya hali ya chini. Asilimia 85 walishushwa daraja: hakukuwa na displasia, au haikuwa na uhakika. Wachache waliobaki waliendelea kuelekea displasia ya juu au saratani kwa asilimia 13 hivi kila mwaka. Yaani jibu lilelile kwenye karatasi lilikuwa na wengi wasio na tatizo na wachache wenye tatizo kubwa, na kilichowatenganisha ni jicho la pili. Kwa maoni yetu, hakuna mgonjwa anayepaswa kuanza matibabu ya displasia, au kuambiwa asubiri, kabla kioo chake hakijasomwa na mtaalamu mwingine mwenye uzoefu wa umio.

Hapa ndipo penye fumbo linalotuuma. Kitangulizi ni kingi kuliko saratani mara nyingi, na wengi wenye nacho hawaugui. Lakini geuza upande wa pili: kati ya wanaogunduliwa kuwa na adenokasinoma, idadi kubwa sana, karibu 9 kati ya 10, hawakuwahi kuambiwa kabla kwamba wana Barrett. Na takriban 4 kati ya 10 hawakumbuki kuwa na kiungulia cha mara kwa mara. Kwa hiyo tunawafuatilia kwa bidii watu ambao wengi wao hawataugua, na wanaougua wanatoka nje ya orodha yetu. Kuongeza endoskopia kwa kila mwenye kiungulia hakutatui jambo hilo, kwa sababu kiungulia kiko kwa mamilioni.

Ndiyo maana sponji ya kumeza imetupa matumaini. Ni kidonge chenye uzi. Mtu anakimeza kwa maji, ganda linayeyuka tumboni ndani ya dakika chache, sponji ya kipenyo cha sentimita 3 inatanuka, muuguzi anaivuta kwa uzi na inatoka na seli za umio mzima. Maabara inazipaka kipimo cha protini iitwayo TFF3, ambayo ni alama ya seli za aina ya utumbo. Nchini Uingereza, jaribio lililochapishwa mwaka 2020 lilihusisha watu zaidi ya 13,000 wanaotumia dawa za kiungulia: upande ulioalikwa kumeza sponji walipatikana wagonjwa 140 wa Barrett, upande wa huduma ya kawaida 13. Watu wa namna ileile, jamii ileile, na "wingi" wa ugonjwa ukapanda mara kumi kwa sababu ya kutazama. Mwenye kudhani kwamba namba ndogo maana yake ni ugonjwa mdogo, na azingatie hapo.

Kutazama, basi. Tutakaa hapa kidogo kwa ajili ya wanaoshika kamera.

Takriban mgonjwa mmoja kati ya kumi wa saratani ya sehemu ya juu ya njia ya chakula alikuwa amefanyiwa endoskopia ndani ya miaka mitatu iliyopita na akaambiwa hana saratani. Kinachokosewa kinajulikana. Povu na ute havikuoshwa, wakati maji yenye simethikoni, dawa ya kuvunja povu, yangetosha. Kamera ilishushwa haraka kuelekea tumboni na kurudishwa haraka zaidi, na sentimita tano za juu za umio hazikuonwa kabisa. Hewa haikujazwa na kutolewa, ilhali ukuta mgumu hujulikana kwa kukataa kutanuka. Kwa Barrett, kipimo ni angalau dakika moja ya kutazama kwa kila sentimita ya utando uliobadilika.

Kwenye utando wa seli bapa, mwanga mweupe peke yake haushibishi. Iodini ya Lugol hushikana na glaikojeni, yaani akiba ya sukari, iliyomo katika seli zenye afya na kuzigeuza rangi ya kahawia iliyokolea; seli zenye displasia zimemaliza glaikojeni yake, hubaki za njano iliyopauka. Muulize kwanza mgonjwa kuhusu mzio wa iodini na ugonjwa wa tezi ya shingo. Nyunyiza mililita 20 hivi za Lugol ya kati ya asilimia 1.25 na 2.5, ukianza chini na kupanda, na usinyunyize karibu na koo, maana ikiingia njia ya hewa itamuumiza. Subiri dakika moja au mbili. Doa lenye mpaka mkali, hasa lenye zaidi ya milimita 5 na linalogeuka waridi baada ya dakika mbili tatu, ndilo la kuchukua kinyama, yaani sampuli ya kupeleka maabara. Doa lililofifia pembeni huwa mara nyingi ni uvimbe tu. Maliza kwa kunyunyizia sodiamu thiosalfeti ya asilimia 5 ili kuituliza iodini, na nyonya iliyoshuka tumboni. Bila hivyo mgonjwa ataungua kifua usiku kucha, na hatarudi tena.

Kwa Barrett, kosa linalozidi mengine ni kutojua umio unaishia wapi. Mwenye henia ya tumbo kupanda kifuani, tumbo lake huonekana kama umio wenye utando mwekundu, na kwa kosa lilelile la Barrett mwenyewe anapewa jina la ugonjwa asionao. Alama ya mpaka ni ncha ya juu ya mikunjo ya tumbo, ikitazamwa hewa ikiwa imepunguzwa. Utando uliobadilika lazima upande angalau sentimita 1 juu ya hapo. Ukiwa chini ya hiyo, ni mstari usionyooka tu. Usiuchukue kinyama wala usimwandikie mtu ugonjwa. Ukizidi, andika kwa mfumo wa Prague: C ni urefu wa sehemu iliyozunguka umio wote, M ni urefu wa ulimi mrefu kuliko yote. C2M5 maana yake sentimita 2 zimezunguka na ulimi umefika 5.

Kisha chukua vinyama kwanza kwenye chochote kinachoonekana tofauti, halafu pande nne kila baada ya sentimita 2, au kila sentimita 1 kama displasia ilishawahi kuonekana. Kila ngazi iwe na chupa yake yenye namba ya sentimita, na fomalini ya asilimia 10 iwe mara kumi ya ujazo wa kinyama. Vinyama vichache vinapunguza ugonjwa kwenye karatasi tu: utafiti mmoja ulionyesha kwamba kwa vinyama 4 utando wa aina ya utumbo ulionekana kwa asilimia 35 ya waliopimwa, na kwa vinyama 8 kwa asilimia 68. Na kama umio una vidonda vya tindikali, tibu kwanza kwa dawa ya kuzuia tindikali kwa wiki 8 hadi 12, kisha rudia. Seli zinazopona jeraha huonekana kama displasia na zimeshawadanganya wengi.

Kuhusu rejista tutasema machache. Uvimbe wa mpakani kati ya umio na tumbo huandikwa mara C15 (namba ya saratani ya umio), mara C16.0 (namba ya saratani ya mlango wa tumbo), kutegemea aliyeandika, na huko Linxian kwa miaka mingi saratani ya umio na ya mlango wa tumbo zilihesabiwa pamoja. Mahali pasipo na endoskopia, mgonjwa aliyefia nyumbani bila kipimo hayumo popote. Rejista yake inaonyesha idadi ya waliofika, si idadi ya waliougua.

Kwa nini tunahangaika hivi na vitangulizi? Kwa sababu ya jinsi umio ulivyojengwa. Hauna gamba la nje kama utumbo, na mifereji yake ya limfu ipo tangu tabaka la juu. Adenokasinoma iliyoko bado kwenye utando wa juu imeshafika kwenye tezi za limfu kwa asilimia 1 hadi 2 tu ya wagonjwa. Ikishuka tabaka moja chini, inakuwa karibu mmoja kati ya watano. Hayo ni milimita chache. Iliyoko juu huondolewa kwa kamera, bila kupasua kifua, na Barrett iliyobaki huunguzwa kwa mawimbi ya redio. Katika jaribio la Ulaya lililochapishwa mwaka 2014, wenye displasia ya hali ya chini iliyothibitishwa walipounguzwa, asilimia 1.5 walifikia displasia ya juu au saratani ndani ya miaka mitatu. Wasiounguzwa, asilimia 26.5. Wenye Barrett isiyo na displasia hawahitaji hayo; miongozo ya Marekani ya mwaka 2022 inawarudisha kwa kipimo baada ya miaka 5 ikiwa ni chini ya sentimita 3, na baada ya miaka 3 ikiwa ni sentimita 3 au zaidi.

Na ninyi msio na kamera, mlio mlangoni anapoingia mgonjwa: umio wa kawaida hutanuka kufikia sentimita 2 au zaidi, na chakula kigumu huanza kukwama njia inapopungua chini ya milimita 13 hivi. Kwa hiyo anayesema chakula kinakwama tayari amepoteza sehemu kubwa ya njia, hata kama anakunywa maji vizuri na anatembea kwa miguu yake. Huyo hayumo tena katika hesabu za asilimia moja na mbili. Asipewe dawa ya kiungulia ya mwezi mmoja aambiwe arudi. Muulizeni: kinakwama chakula kigumu tu, au na laini pia, au hata maji, au hata mate? Tangu lini? Amepungua kilo ngapi? Sauti imebadilika? Anakohoa anapomeza? Andikeni majibu na tarehe kwenye barua ya rufaa, na siku hiyohiyo apangiwe endoskopia.